Subira haifumi sweta

Mwanamke akitoa sindano mbili na bonge la uzi ndani ya taksi iliyokwama kwenye foleni Kampala, au kwenye benchi la kituo cha afya Kabale, au nyuma ya meza yake ya biashara Busia mpakani, haichukui muda kabla mtu hajamwambia: “Mama, una subira wewe.” Maneno hayo husemwa kwa heshima, naye huyapokea kwa heshima. Hata hivyo, sifa hiyo inawaumiza wafumaji wa Uganda kuliko bei ya uzi.

Subira ni tabia, na tabia hailipwi. Anayesifiwa kwa subira anaonekana mtu anayepitisha muda kwa utulivu, basi mteja anamlipa kama mtu aliyekuwa anapitisha muda. Ukitazama mikono na macho yake utaona kazi nyingine kabisa. Anahesabu. Analinganisha kipande kilicho mkononi na mwili wa mtu ambaye hayupo pale. Kila baada ya safu chache anaamua kama aendelee au arudi nyuma. Wanaopenda kufuma ni watu wa vipimo kabla ya kuwa watu wa subira, na imani nyingi zinazozunguka kazi hii, zikiwemo zile wanazojisemea wenyewe, zinaificha hesabu hiyo na kuifanya ionekane kipaji au bahati.

Hesabu huanza kabla ya sweta. Mfumaji makini huanzisha vitanzi 30 kwa uzi na sindano zile zile atakazozitumia, hufuma safu 40, hufunga, hukiosha kipande hicho na kukianika kikiwa kimelazwa. Kikikauka, anaweka rula katikati, mbali na kingo, kwa sababu kingo hujivuta na kudanganya. Anahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za upana na safu zilizomo katika sentimita 10 za urefu. Uzi wa unene wa kati, ambao ndio wa kawaida kwa masweta ya watoto, ukifumwa kwa sindano za milimita 4 hutoa vitanzi 22 na safu 28 hivi. Namba hizo mbili ndizo zinazoongoza kila kinachofuata.

Wengi huruka hatua hii kwa sababu huonekana kama kupoteza uzi na siku nzima. Lakini tazama kinachotokea. Sweta la mtoto wa miaka sita mwenye kifua cha sentimita 61 linahitaji mzunguko wa sentimita 68 hivi ili livaliwe juu ya shati la shule. Kwa vitanzi 22 katika kila sentimita 10, mfumaji anaanzisha vitanzi 150. Mkono wake ukiwa mgumu kidogo na kutoa vitanzi 24 badala ya 22, vile vile 150 vinazaa mzunguko wa sentimita 62 na nusu. Vitanzi viwili tu katika kila sentimita 10 vimekula karibu sentimita sita. Sweta litaingia kwa kuvutwa, mtoto atalikataa, na mwenye kulinunua atasema limerudi baada ya kufuliwa. Halikurudi, lilizaliwa dogo.

Namba za sindano nazo zina mtego wake. Vielelezo vya zamani, yaani karatasi za maelekezo ya kufuma, vilivyoletwa kutoka Uingereza, ambavyo bado vinapitishwa mkono kwa mkono, vinatumia namba zinazokwenda kinyume: namba kubwa ni sindano nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 14 ni milimita 2. Siku hizi msichana anapata kielelezo cha Kimarekani kwenye simu, anakuta pia kimeandikwa 8, na hajui kwamba namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Anafuma kwa bidii na usafi, na sweta linatoka pana kama la baba yake. Kinga ni rahisi: soma milimita peke yake, na sindano isiyo na alama ipime kwa kuipitisha kwenye kadi uliyoitoboa matundu ya vipimo vinavyojulikana.

Spoku za baiskeli, ambazo zimewafunza watoto wengi wa Afrika Mashariki kufuma, zina unene wa kama milimita 2, yaani sawa na ile namba 14. Ni shule nzuri kwa vidole, lakini zina madhara yake. Chuma chembamba huteleza, mwanafunzi anabana uzi ili vitanzi visidondoke, na mkono huo uliobana unakuwa mkono wake wa kudumu. Akija kupewa sindano za milimita 4 anaendelea kubana, vitanzi vinagoma kusogea, na watu wanasema ana mkono mgumu.

Hapo ndipo tunafika kwenye imani kubwa kuliko zote miongoni mwa wafumaji wenyewe: kwamba mkono ni wa kuzaliwa nao. Huyu ana mkono mwepesi, yule ana mkono mzito, na hakuna la kufanya. Wengine huenda mbali na kusoma tabia ya mtu kwenye kitambaa chake: aliyebana ni mchoyo au ana hasira, aliyelegeza ni mzembe. Kuna ukweli kidogo ndani yake, kwa kuwa mtu aliyechoka au mwenye wasiwasi hubana zaidi, na safu alizofuma siku ya msiba huonekana tofauti na za siku nyingine. Lakini sehemu kubwa ya kinachoitwa mkono ni ufundi unaorekebishika. Anayebana apande nusu milimita, anayelegeza ashuke nusu milimita, kisha apime kipande upya. Haibadilishi tabia ya mtu, inabadilisha sindano.

Chukua mfano wa mistari inayojitokeza upande wa ndani wa sweta, safu moja ikiwa imebana na inayofuata imelegea. Wengi hudhani uzi ni mbovu. Kwa kweli safu za nyuma, zile zinazoacha vinundu, watu wengi huzifuma zikiwa legevu kuliko safu za mbele zinazoacha umbo la V, kwa sababu uzi husafiri njia ndefu kidogo kuzunguka sindano. Dawa ni kutumia sindano mbili za unene tofauti: ya milimita 4 kwa safu za mbele na ya milimita 3.75 au 3.5 kwa safu za nyuma. Kosa la pili hutokea kwa waliojifunza kwa kuangalia tu. Kila kitanzi kimeikalia sindano kwa miguu miwili, na mguu wa kulia unatakiwa uwe upande wa mbele. Anayezungusha uzi kinyume kwenye safu za nyuma huibadilisha miguu hiyo bila kujua, na safu inayofuata kila kitanzi hufungwa kikiwa kimejipinda. Kitambaa kinakuwa kigumu na hakivutiki pale kwenye kwapa na kiwiko ambapo kuvutika kunahitajika.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa ufumaji wangelizingatia zaidi. Wanawake wengi wa Uganda huanza na kroshia kabla ya sindano mbili: vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio na trei. Mtu wa kroshia hushika uzi kwa mkono wa kushoto. Akija kwenye sindano mbili anaambiwa ahamishie uzi mkono wa kulia, kama walivyofundisha wamisionari wa Kiingereza, na kasi yake yote inapotea. Hakuna sababu. Ufumaji wa uzi wa kushoto ni wa kawaida katika Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, unatoa kitambaa kile kile, na kwa huyu wa kroshia ni mwepesi zaidi. Kumlazimisha abadili mkono kisha kumwambia hana kipaji ni kumwonea.

Kujifunza kwa macho kumewajenga wafumaji wetu kwa namna ya pekee. Vielelezo vingi viko kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho ambacho hata Mwingereza asiyefuma hakielewi. Mfumaji wa Bombo, Arua au Malaba anayezungumza Kiswahili amejifunza kwa kuketi karibu na jaja (bibi), shangazi au jirani na kufuata vidole. Matokeo yake ni kwamba anasoma kitambaa kuliko mtu aliyefunzwa na karatasi: anatazama sweta lililovaliwa na abiria mwenzake na kujua limeanzia wapi, limepunguzwa wapi, na shingo imeokotwa vipi. Upungufu wake unaonekana anapoombwa saizi nyingine. Anajua sweta moja kwa moyo, vitanzi vyake na safu zake, na mteja akiwa mnene kuliko kawaida anaongeza kwa kukisia.

Kwa huyo, hakuna zana bora kuliko hesabu ya asilimia iliyoenezwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani na kufariki mwaka 1999. Unahitaji namba moja tu, vitanzi vya mzunguko wa mwili, na hiyo ndiyo asilimia 100. Mkono wa sweta unaanza kwenye kifundo kwa asilimia 20, unaongezeka hadi asilimia 33 hivi unapofika juu, kwapa huachiwa asilimia 8 kila upande, na shingo inabaki na asilimia 40. Kwa sweta letu la vitanzi 150 ni 30 kwenye kifundo, 50 juu ya mkono, 12 kila kwapa na 60 shingoni. Haihitaji Kiingereza wala kielelezo. Inahitaji tahadhari moja kwa watoto: kichwa cha mtoto ni kikubwa kulinganisha na kifua chake. Mtoto wa miaka mitano au sita ana kichwa cha sentimita 51 hivi, na vitanzi 60 vinatoa sentimita 27. Pindo la shingo lifumwe viwili mbele, viwili nyuma, lifungwe kwa sindano iliyo nene kwa saizi mbili ili livutike, na kwa walio wadogo zaidi uachwe mwanya begani wenye vifungo vitatu. Masweta mengi mazuri yamekwama masikioni mwa mtoto kwa sababu ya ufungaji wa mwisho uliokazwa.

Kuhusu hulka, wafumaji wenyewe hujigawa makundi mawili, na mgawanyo huo una mantiki. Wako wanaopenda kufuma na wako wanaopenda nguo iliyofumwa. Wa kwanza huanza kazi mpya kila waonapo rangi mpya, wana kikapu chenye nusu za masweta, na mkono wa pili wa sweta ni adhabu kwao kwa kuwa kila kilichomo tayari wanakijua. Wa pili hufuma kitu kimoja mpaka kiishe, hawajali mchezo wa mishono, na hukasirika wakiambiwa wafumue. Duka linahitaji wa pili. Ubunifu hutoka kwa wa kwanza. Kikundi cha wanawake kinachopokea oda kingefanya vizuri kuwagawia kazi kwa hulka: mwanzilishi atengeneze kipande cha majaribio na sweta la mfano, mmaliziaji afume ishirini zinazofuata.

Lakini mara nyingi kinachoitwa uvivu wa kumaliza ni mfuko tu. Uzi hununuliwa bonge moja moja kadiri pesa inavyopatikana, wiki hii moja, mwezi ujao mawili. Viwanda hutia rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake kwenye lebo, kando ya namba ya rangi. Bluu ya mkupuo wa leo na bluu ya mkupuo wa mwezi ujao zinaweza kufanana dukani chini ya taa na kugombana juani, hasa kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, ambako unanunua ndani ya kibanda chenye giza. Asiyeweza kununua yote kwa mara moja afanye mambo mawili. Alipie bonge moja zaidi la akiba mapema kwa ajili ya pindo, shingo na vifundo, sehemu ambazo tofauti ya rangi haionekani kwa kuwa mshono wake ni tofauti. Na mabonge ya mikupuo miwili yakikutana mwilini, afume safu mbili kwa hili na safu mbili kwa lile, ili mpaka usionekane.

Njia nyingine ya kupata uzi wa kutosha, wa mkupuo mmoja, ni mivumba, yaani mitumba. Kwenye marobota ya soko la Owino, Kampala, hupatikana masweta ya sufu halisi ya kondoo, na sweta kubwa la mwanamume lina gramu 500 au zaidi, zinazotosha masweta mawili ya mtoto. Kuchagua ndiko kugumu. Ligeuze sweta ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi, litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa mashine ya kuzuia kuchanika, liache: kila safu imekatwa ubavuni, na utabaki na vipande vifupi visivyofaa. Lililofuliwa kwa maji moto mpaka likagandamana kama blanketi nalo halifumuki. Kujua aina ya uzi, chomoa kipande kidogo kwenye mshono na ukichome. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzima yenyewe na kuacha jivu linalosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Ukishafungua mishono ya pembeni, anzia juu, shingoni au begani, kwa kuwa masweta mengi yalifumwa kutoka chini na hufumuka kutoka pale yalipofungiwa. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa vipande vya uzi mahali pane bila kukaza, uloweke dakika 20 hadi 30 katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usiusugue, maana sufu ikisuguliwa katika maji moto hugandamana. Utundike kivulini ukiwa umening’inizwa chupa ya nusu lita ya maji ili mikunjo inyooke. Wanaofanya kazi hii hutengeneza nguo bora kuliko nyingi zitokanazo na uzi mpya, na bado wapo wanaoifanya kwa kujificha, wakiogopa kuonekana hawana pesa ya uzi. Aibu hiyo haina msingi. Anayejua kuchagua sweta la kufumua amejua kitambaa kuliko anayenunua bonge kwa rangi yake.

Kwa hakika, kufumua ndicho kipimo bora cha mfumaji. Kila mtu anaweza kufuma kwenda mbele. Kosa la kitanzi kilichodondoka safu kumi chini linaweza kupandishwa kwa sindano ya kroshia bila kugusa kingine, na anayejua hili hafumui bila sababu. Kosa la kipimo halipandishwi. Hilo hufumuliwa lote. Kabla ya sehemu ngumu kama kwapa au shingo, mwenye busara hupitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea na kuuacha hapo. Akikosea, anafumua mpaka kwenye uzi huo na hakuna kitanzi kinachotoroka. Anayekataa kufumua kwa kusema “haitaonekana” kwa kawaida anasema kweli kuhusu mtazamaji na anakosea kuhusu mvaaji.

Je, hawa basi si watu watulivu? Wapo, ila mpangilio wa sababu na matokeo umegeuzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Uingereza la tiba ya kazi ulikusanya majibu ya wafumaji 3,545 kupitia intaneti, na waliofuma mara nyingi zaidi waliripoti kujisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Ni majibu ya watu ambao tayari wanapenda kazi hii, hivyo hayathibitishi kila kitu. Lakini yanaendana na kinachoonekana kwenye vikundi: watu wasio na subira hata kidogo, wanaopiga honi na kugombana na makondakta, huketi kimya saa mbili kwa sababu mikono ina la kufanya na akili ina la kuhesabu. Utulivu ni zao la kazi. Hakuna anayehitaji kuwa nao kabla ya kuanza.

Imani za kale zinahitaji kupimwa moja moja. Ile ya kutokuomba wala kuuza sindano usiku, ambayo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinaishika hadi leo, ililinda nyayo za watu kabla ya umeme, na bado ina maana mahali penye taa ya kandili na watoto wanaotambaa. Ile ya Ulaya na Marekani kwamba ukimfumia mchumba sweta uchumba utavunjika ina maelezo mepesi: sweta la mtu mzima huchukua miezi, na uchumba mwingi huishia ndani ya miezi. Mfumie kofia kwanza.

Imani inayonigusa zaidi ni ya mtoto. Zipo familia ambazo haziandai nguo kabla mtoto hajazaliwa, kwa hofu ya kuita bahati mbaya, na hofu hiyo inatokana na misiba ya kweli, haifai kudharauliwa. Tatizo ni kwamba mtoto njiti hupoteza joto haraka, na kofia inahitajika saa ile ile. Suluhisho lisilomkwaza mtu ni kofia kufumwa na kikundi, kwa ajili ya wodi, bila jina la mtoto yeyote. Vipimo ni hivi. Mtoto aliyetimiza miezi ana kichwa cha sentimita 35 hivi. Kofia iwe ndogo kidogo ili ishike: vitanzi 72, ambavyo ni karibu sentimita 33. Pindo la viwili mbele, viwili nyuma lifumwe safu sita, kisha uendelee kwa mshono wa mbele mpaka sentimita 9. Gawa vitanzi katika mafungu manane ya tisa, upunguze kimoja kwa kila fungu kila baada ya safu moja, mpaka vibaki vinane, upitishe uzi ndani yao na uvute. Kwa njiti mwenye kichwa cha sentimita 28, anza na vitanzi 56 na punguza urefu ufikie sentimita 7 kabla ya kuanza kufunga. Usiweke kishada wala kamba za kidevuni. Kishada hunasa vidole na kamba hukaba.

Upande wa pili wa imani hiyo hiyo ni kumvika mtoto sweta, kofia na shali mchana wa jua Jinja au Soroti, miezi sita baada ya kuzaliwa, kwa sababu nguo ya kufumwa ni heshima. Akriliki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzi ulioko sokoni, haifyonzi jasho. Gusa shingo ya nyuma na kifua, si vidole. Vikiwa vya moto na majimaji, mvue. Nchi ambayo pamba imekuwa ikilimwa kama zao la biashara tangu 1903 ingestahili uzi wa pamba wa kufumia kwenye kila duka la mji wa joto, na wafumaji ndio wa kuuomba kwa sauti. Akriliki ina adui mwingine, pasi ya mkaa: joto huiyeyusha kidogo, kitambaa kinalegea na kunyooka, na hakirudi tena. Mwambie mteja hivyo siku ya kumkabidhi.

Na ile imani kwamba kufuma ni kazi ya kike haihitaji maneno mengi. Kwenye kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kwa sindano, na wavulana hufunzwa wangali wadogo. UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Hapa kwetu mafundi wanaume hawana haya kusukuma mashine za kufumia masweta ya shule. Wanaona haya ya sindano mbili tu, kwa sababu mashine huitwa kazi na sindano huitwa subira.

Turudi basi kwenye malipo. Sweta la mtoto tulilolipima lina mwili wa vitanzi 150 kwa safu 106, na mikono miwili yenye wastani wa vitanzi 40 kwa safu 80. Jumla ni vitanzi kama 22,000. Kwa kasi ya vitanzi 25 kwa dakika ni karibu saa 15, na ukiongeza kipande cha majaribio, kuunganisha, kuficha ncha za uzi na kuosha, zinafika 17. Tuseme uzi umegharimu shilingi 20,000 na sweta likauzwa 45,000. Saa moja ya kazi hiyo imelipwa chini ya shilingi 1,500. Mfumaji anaona shilingi 25,000 za faida na kufurahi, kwa kuwa hakuziandika saa. Aliambiwa ni subira.

Kushindana na mashine kwa sweta la shule la rangi moja hakuna maana: kwa mpito mmoja wa mkono mashine inafuma safu nzima. Mkono una nafasi pale ambapo kipimo ni cha mtu mmoja. Ni sweta la mwenye mkono mmoja mfupi, shali la mzee wa Kisoro au Kapchorwa ambako usiku ni baridi kweli, kofia za wodi, na ukarabati wa kiwiko kilichotoboka kwenye sweta la bei kubwa. Kwa kazi hizo, daftari liwe na mistari minne kwa kila oda: vipimo vya mwili, namba za kipande cha majaribio, gramu za uzi pamoja na namba ya mkupuo, na saa za kila siku. Mteja alipie uzi wote siku ya kuagiza, ili ununuliwe wa mkupuo mmoja. Nusu ya ujira ailipe anapojipima mwili wa sweta kabla ya mikono kuanza, na nusu nyingine anapolichukua, akiwa ameonyeshwa ule mstari wa saa.